Safu ya Kumi na Nne

Hamilton, Ontario, Februari. Ghorofa ya tatu,
dirisha halifungiki sawasawa, tumelibana kwa kadibodi.
Ng'ambo ya reli viwanda vya chuma vinapumua,
na ndimi za moto juu ya dohani
ndizo jua letu tangu Jumatatu.

Tuko sita, jedwali ni moja.
Eeva kaja na takwimu za Kuopio, zimepigwa pasi.
Ghizlane na za Kenitra, pembeni kazitilia shaka kwa penseli.
Wendell, mwenyeji, ana za mji huu
uliomlea yeye na kumnyima babake mapafu.
Mimi nimeshika nchi kumi na moja
zilizokosa viza, au nauli, au jibu la barua pepe.

Kazi yenyewe haina sifa.
Tani fupi tunazirefusha,
mwaka wa bajeti tunaulaza juu ya mwaka wa kalenda,
tunaulizana kama meli ile ya makaa
imehesabiwa huku ikiondoka na kule ikifika:
moshi mmoja, vyeti viwili vya kuzaliwa.

Saa tisa alasiri ramani ikawaka ukutani.
Kaskazini kahawia, mashariki kahawia,
na chini, pwani ninayoijua kwa nyayo,
nyeupe pe, kama shuka la mgeni.
"Hewa safi hiyo," mtu akasema, kwa wivu kabisa.

Nilicheka peke yangu.
Kisha nikarudi nyuma, ramani, programu, jedwali,
hadi safu ya kumi na nne: mkaa wa majumbani.
Kisanduku kitupu.
Na mashine, kwa adabu zake za mashine,
isipoona kitu husoma sifuri.

"Sifr," akasema Ghizlane, karibu na sikio langu.
Neno lao, neno letu. Kwao zamani
lilikuwa utupu tu, halijui kuhesabu;
walipolifundisha, likasahau lilikotoka.

Nikampigia Saumu Mweta wa kizuizi cha misitu.
Kule saa tano usiku; alipokea kabla ya mlio wa pili.
Zikaingia picha za daftari, kurasa arobaini:
tarehe, magunia, *mvua, hakuna lori,*
*Fuso mbili, moja imepita bila kusimama,*
na duara la kikombe cha chai juu ya mwezi wa Julai.

"Hii siyo data," Wendell alisema, si kwa ubaya.
"Kosa lake sitini kwa mia, juu na chini."
Eeva, ambaye husema mara moja kwa siku,
aliitumia hapo:
"Na kosa la sifuri ni ngapi kwa mia?"

Kipasha joto kikagonga ndani ya ukuta.
Wendell akavua miwani, akaifuta, haikuwa na kitu.
Babake naye alikuwa na daftari, akasema,
la siku ambazo tanuri namba tatu lilitoa weusi.
Kwenye vitabu vya kampuni, miaka ile, pameachwa wazi.
"Tukasoma sifuri. Mpaka tulipomzika."

Basi tukakaa. Gunia kuwa kilo, kilo kuwa kaboni.
Ugomvi mkubwa ulikuwa lumbesa:
niliieleza kwa mikono miwili na kofia ya Eeva,
nikaijaza skafu mpaka ikafura na kuota nundu,
wakaelewa, wakaandika *uzito: soma maelezo.*
Askari wa jengo alikuja mara mbili kuzima taa.

Usiku ule pwani ikapata rangi,
rangi ya kubahatisha, imechanjwa mistari ya mashaka.
Sijawahi kufurahi hivyo
kuona kwetu kumechafuka.

Nilipotoka theluji ilikuwa na masizi ukingoni.
Simu ikatetemeka mfukoni. Saumu:
*Kurasa zimetosha? Kesho niko zamu.
Nihesabu na kuni?*